Vibano vya Reli kwa Mashine Tulizo Nazo

(Hotuba ya Fundi Mkuu wa Karakana ya Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi)



Wenzangu walionitangulia wamezungumza habari za bei ya kahawa, miche mipya na mikopo ya pembejeo, mambo ambayo kila mwanachama huyaelewa kwa sababu humgusa shambani na mfukoni. Mimi nimetakiwa niseme juu ya chuma. Bwana Katibu amenisihi nisiseme lugha ya karakana, nami nitajitahidi, nikiteleza, mtanisamehe.

Tangu ilani ya mkutano huu ibandikwe, wanachama wawili watatu wameniuliza kama Chama Kikuu kinakusudia kujenga njia ya garimoshi. La hasha. Reli ninayoisema ni ufito wa chuma kigumu, mnyoofu, mwembamba kuliko kifundo cha mkono wa mtu, uliofungwa kwa bolti juu ya mwili wa mashine. Juu ya ufito huo hupanda kigari kidogo chenye gololi ndani yake. Gololi hizo hutembea kwa mfululizo, zikitoka mwisho mmoja wa kigari na kurejea mwisho wa pili kwa njia iliyofichwa ndani, na kwa sababu hiyo kigari huenda na kurudi bila kukwama na bila kuyumba. Kampuni ya THK ya Japani ilianza kuziuza reli za namna hii mwaka 1972, na leo zimo katika mashine nyingi mno za viwandani. Hapa kwetu zimo katika mashine tatu: ile ya kupanga magunia ghalani, ile ya kufunga pakiti za kahawa ya kusagwa, na msumeno wa mbao wa karakana.

Sifa ya reli hizi ni wepesi, na wepesi huo ndio unaotuletea shida. Wazee waliopata kufanya kazi kwenye kerezo za zamani watakumbuka kwamba meza ya mashine ilikuwa chuma kilichosugua juu ya chuma chenzake, kwa mafuta kidogo katikati. Ukiisukuma ilikwenda kwa shida, lakini ukiiacha ilikaa pale ulipoiacha, maana msuguano wenyewe uliishika. Kigari cha gololi hakina msuguano wa kukishika. Reli ikiwa imelala, mtoto wa shule ya msingi aweza kukisukuma kwa kidole kimoja kigari kilichobeba gunia zima. Basi reli ikiwa imesimama wima, ni kitu gani kitakachokizuia kigari hicho kisianguke?

Mashine yetu ya kupanga magunia ina nguzo mbili, na kila nguzo ina reli yake iliyosimama. Kati ya nguzo hizo hupanda na kushuka mkono wenye bamba, ambao huchukua gunia la kilo 60 na kulipandisha hadi safu za juu. Mota iko chini, nayo huuvuta mkono kwa mkanda mmoja wenye meno. Ndani ya mota mna breki ya springi ambayo hujifunga mara umeme unapokatika. Aliyeiunda mashine hiyo aliona kwamba hayo yametosha, na kwa habari ya umeme kukatika yalitosha kweli: umeme umetukatikia mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, na mkono ulibaki juu kila mara.

Lakini breki ile hushika mota, haishiki gunia. Kati ya mota na gunia mna gurudumu la meno, mna mkanda, na mna bolti zinazoufunga mkanda kwenye mkono. Mwaka jana, katikati ya msimu, mkanda ulikatika mkono ukiwa juu pamoja na gunia lake. Breki ilifanya kazi yake barabara na mota haikuzunguka hata kidogo. Mkono ukaanguka. Kijana aliyekuwa zamuni alikuwa ameinama upande wa pili wa nguzo akiokota kamba ya katani. Laiti kamba hiyo ingalidondokea upande wa huku, leo tungalikuwa na matanga ya kukumbuka.

Naomba mfikiri upesi wa jambo hili. Kitu kilichoachwa huru huanguka karibu sentimita 5 katika sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, na nusu ya sekunde inapotimia kimekwisha kuanguka zaidi ya mita moja. Hapana msimamizi awezaye kupiga kelele, akasikiwa, na aliyemsikia akaondoka, yote katika nusu ya sekunde. Kwa hiyo wale waliosema baada ya tukio lile kwamba dawa yake ni vijana kuwa macho zaidi, sikukubaliana nao, na hata leo sikubaliani nao.

Palitokea rai nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiuza mashine kama chuma chakavu na kurudia kubeba magunia mabegani kama zamani. Mabega hayo, ndugu zangu, ni ya vijana wetu wenyewe, na mgongo wa mtu haununuliwi dukani. Rai ya pili ilikuwa kununua mashine mpya. Tuliletewa picha na maelezo ya mashine hiyo, tukayasoma kwa makini karakanani usiku mmoja mzima. Ilikuwa nzuri, rangi yake yapendeza, nayo ilikuwa na mkanda mmoja, na breki iliyokuwa ndani ya mota. Ndiyo kusema tungalitoa fedha za wanachama kununua hatari ileile ikiwa na rangi mpya. Nguzo za mashine yetu ni imara, reli zake hazijaliwa, mota yake ni nzima. Kilichopungua ni kitu cha kuushika mkono pale pale ulipo, pasipo kutegemea mkanda.

Kitu hicho ndicho kibano cha reli. Ni kipande cha chuma kinachopanda juu ya reli ileile, jirani na kigari, kikafungwa kwa bolti kwenye mkono wa mashine. Ndani yake mna taya mbili. Zinapobana huzikumbatia mbavu za reli kushoto na kulia, si katika njia za gololi bali katika sehemu iliyo huru, ili njia hizo zisije zikachubuliwa. Mkanda ukikatika au mota ikiungua, mkono umeshikwa na reli, reli imeshikwa na nguzo, na nguzo imesimama sakafuni.

Vibano hivyo vina namna tatu kwa kadiri ya kinachovifunga. Namna ya kwanza hufungwa kwa mkono, kwa kugeuza kishikio, nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Tumeitia kwenye mashine ya pakiti. Mtakumbuka kwamba mashine hiyo hufunga pakiti za gramu 250 na za gramu 500, na kila inapobadilishwa kutoka kipimo kimoja hadi kingine, miongozo ya pembeni husogezwa juu ya reli. Zamani miongozo ilizuiwa kwa skrubu moja iliyogusa reli kwa ncha. Kwa kutikisika kwa mashine skrubu ililegea, mwongozo ukasogea kidogo kidogo, na kabla ya adhuhuri pakiti zikawa zinatoka zimepinda mdomo. Isitoshe, ncha ya skrubu iliitia reli makovu. Sasa mfanyakazi hugeuza kishikio na kazi imekwisha. Hilo ni jambo dogo, silisemi zaidi.

Namna ya pili hufungwa kwa upepo wa kompresa. Upepo ukiingia taya hubana, na upepo ukitoka taya huachia. Yafaa kwa msumeno wa mbao, kukishika kizuizi cha kupimia urefu wa ubao. Upepo ukiisha, kizuizi hulegea na ubao huharibika, lakini hapana mtu atakayeumia kwa hilo.

Namna ya tatu ni kinyume cha ya pili. Hapa springi ndiyo inayobana, na upepo ndio unaofungua. Madereva wa malori waliomo humu wanaijua siri hii bila ya kufundishwa. Lori kubwa likivujisha upepo wote njiani haliendi popote, kwa sababu breki yake ya kuegeshea imefungwa na springi, na upepo ulikuwa ukiizuia tu isifunge. Dereva hulaani, lakini lori lililokwama mlimani ni bora kuliko lori linaloshuka lenyewe. Kwa mkono wa mashine yetu ya magunia tulitaka tabia hiyohiyo: upungufu wowote wa upepo au wa umeme uwe ndio amri ya kushika.

Sasa nitaeleza jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa kuwa nasikia vyama vya jirani vina mashine za namna hii na huenda wakapenda kufanya vivyo hivyo.

Jambo la kwanza ni kuijua reli. Reli huitwa kwa namba ya ukubwa wake: kuna ya 15, 20, 25, 30, 35 na kuendelea. Zetu ni za 25, na matundu ya bolti zake yamepishana milimita 60 kutoka kati hadi kati. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Reli mbili za namba 25 zilizotoka kwa watengenezaji wawili zaweza kulingana kwa upana na kupitana kwa umbo la mbavu, na taya za kibano hukatwa kulifuata umbo hilo. Kwa hiyo yatupasa kusafisha grisi, kutafuta jina na namba iliyopigwa juu ya chuma, na kumwandikia muuzaji hivyo hivyo ilivyo. Anayeagiza kibano kwa kutaja namba ya ukubwa tu huenda akaletewa kipande cha chuma cha thamani kisichofaa hata kuegemeza mlango.

Pili ni kimo. Vigari vingine ni virefu kwenda juu na vingine vifupi, na kibano sharti kilingane na kigari ili vyote viwili vifungwe kwenye bamba moja. Kwetu kibano kilikuwa kifupi, tukatia bamba la chuma katikati kukiinua. Tatu ni nafasi. Kibano huchukua urefu wake juu ya reli, na urefu huo hutolewa katika mwendo wa mashine. Tulipima kwanza, tukaona mkono ungali unafika safu ya juu, tukavisogeza vizuizi vya mwisho. Asiyepima atagundua hayo siku mashine itakapojigonga.

Nne ni uzito, na hapa naomba subira yenu. Mkono pamoja na bamba lake ni kilo 50 na gunia ni kilo 60, jumla kilo 110. Wanafunzi wa sekondari waliomo humu watazidisha kwa 9.81 na kupata nguvu ya Nyutoni 1,079. Tumetia vibano viwili, kimoja katika kila reli, maana kibano kimoja upande mmoja huushika mkono kwenye pembe na kuupinda. Kila kimoja kati ya hivyo viwili kimechaguliwa kwa nguvu ya kuushika mzigo wote peke yake, na ziada juu yake, ili mwenzake akishindwa pasitokee msiba. Vilevile tulikagua bolti za reli zenyewe moja baada ya moja, kwa sababu nguvu yote ya kibano hupita humo kwenda kwenye nguzo. Reli inayoshikwa barabara huku bolti zake zimelegea ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba mpya kwenye kigingi kibovu.

Katika kufunga kuna hadhari mbili ambazo fundi asizisahau. Asikivute kigari nje ya reli kikiwa kitupu, maana gololi zitamwagika sakafuni, na kuzirudisha ni kazi ya kumliza mtu mzima. Huwekwa kipande cha reli bandia mbele yake, kigari kikahamia humo salama. Na kibano cha springi hakipandi juu ya reli mpaka kimefunguliwa kwa upepo, kwa hiyo mpira wa upepo huunganishwa kwanza. Sisi tulikaza bolti za kibano kidogo, tukakiacha kijibane ili kijitafutie katikati ya reli, ndipo tukazikaza kabisa. Kisha tukakifungua na kuupitisha mkono mwendo wote, juu hadi chini, kuhakikisha kwamba taya haziisugui reli mahali popote.

Lililotuchukua siku nyingi kuliko yote lilikuwa mpangilio wa umeme na upepo. Umeme ukikatika kompresa husimama, lakini tangi lake bado limejaa. Upepo huo ukiachwa kwenye kibano, taya zitabaki wazi na tutakuwa hatukufanya kitu. Kwa hiyo valvu imewekwa ya namna ambayo umeme ukiiacha hufungua tundu la kutolea upepo nje. Tena valvu hiyo haikuwekwa ukutani karibu na kompresa, kama mmoja wetu alivyopendekeza ili kuokoa nyaya, bali juu ya mkono wenyewe, jirani na vibano. Mpira mrefu huchelewa kutoa upepo, na nimekwisha kusema habari za sentimita 5 katika sehemu ya kumi ya sekunde.

Umeme unaporudi, hatari ni ya namna nyingine. Vibano vikifunguka kabla mota haijaushika mzigo, mkono utashuka kwa kishindo. Na mota ikianza kuvuta kabla vibano havijafunguka, itakuwa kama dereva anayekanyaga mafuta huku breki ya mkono imefungwa. Utaratibu basi ni huu: mota hushika kwanza, kisha vibano hufunguka, kisha swichi ndogo iliyo kwenye kibano hutoa habari kwamba taya ziko wazi, ndipo mkono uruhusiwe kwenda. Wakati wa kusimama mambo hayo hurudiwa kinyumenyume.

Nisije nikaeleweka kwamba nauza dawa ya kila ugonjwa. Vibano vingi vimeundwa kushika kitu kilichokwisha kusimama, wala havikuundwa kukisimamisha kitu kinachokwenda kasi. Anayetaka vyote viwili sharti anunue vile ambavyo mtengenezaji ameandika kwamba vyafaa kwa breki ya dharura, nasi ndivyo tulivyofanya kwa mashine ya magunia. Grisi ikizidi juu ya mbavu za reli, nguvu ya kushika hupungua. Vumbi la maganda ya kahawa likichanganyika na grisi hiyo huwa uji unaokula kila kitu. Hata sasa, baada ya kazi yote hii, amri ni ileile: hapana mtu kupita chini ya mkono uliopanda, awe kijana wa zamu au mheshimiwa mgeni. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa watu wake, na mwajiri hapa ni sisi sote wenye hisa.

Mjumbe mmoja wa Halmashauri, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tutie vibano katika mashine zetu zote. Nilimjibu kwamba kinu cha kukoboa hakina reli ya namna hii, wala lifti ya ndoo za mnyororo haina. Kule zatakiwa ngao za mikanda na kizuizi cha kurudi nyuma, na fedha za kibano zingepotea bure. Hata msumeno wa mbao ulitiliwa shaka. Reli yake moja imeliwa na kutu upande wa dirishani, na kibano juu ya reli yenye mashimo ya kutu hakiaminiki. Reli hiyo itabadilishwa kwanza.

Kuhusu gharama, hesabu ya vibano, valvu, mipira na siku za mafundi imo katika taarifa ya Bwana Mtunza Hazina, na mtaiona imekaa mbali sana na bei ya mashine mpya. Ninachoomba kwa mkutano huu ni mambo mawili tu. La kwanza ni kibali cha kununua seti moja ya akiba ya taya na springi, kwa kuwa vitu hivyo huagizwa mbali na msimu haumngoji mtu. La pili ni saa mbili za kuisimamisha mashine kila mwezi, hata wakati wa msimu, nami najua wakuu wa ghala hawalipendi ombi hilo. Katika saa hizo tunauteremsha mkono wenye gunia karibu kugusa magogo tuliyopanga chini yake, tunavifunga vibano, tunaiachia breki ya mota kwa mkono, tunachora mstari juu ya reli, kisha tunangoja. Mstari ukibaki mahali pake, kazi huendelea. Ukihama, hata kwa upana wa ukucha, mashine hufungwa kufuli na ufunguo hukaa kwangu mpaka sababu ijulikane.

Tumepima hivyo mara saba tangu vibano vitiwe, na karatasi zenye sahihi za waliopima zimebandikwa kwenye nguzo ya mashine. Wanaopenda kuona kwa macho yao, kipimo cha nane kitafanywa leo saa tisa alasiri, baada ya chakula. Tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano.